Madumu ya Sosthenes

Mwinjilisti wetu, Timotheo, ni mtu mwema sana, ila ana ugonjwa mmoja: kila kitu kwake ni somo. Kuku wake akitagia vichakani, somo. Kuku asipotaga, somo pia. Siku moja pikipiki yake ilipata pancha pale Nyololo, kwenye lami, akaisukuma mpaka kijijini kwetu jasho likimtiririka, na kabla hajanywa hata maji alikuwa ameshanieleza kwamba roho ya mwanadamu ni tairi. Nilimpa maji akanywa. Nilikuwa na mahindi ya kupukuchua na sikuwa na nafasi ya kuwa tairi siku hiyo.

Mimi ni Eveline, watu huniita Mama Ombeni. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya, nalima, nafuga nguruwe, na ulimi wangu unajulikana mpaka vijiji vya jirani. Mume wangu anaitwa Sosthenes. Habari hii ni yake zaidi kuliko yangu, lakini yeye ni mtu wa maneno machache. Mungu alipogawa maneno nyumbani kwetu alinikabidhi mimi fungu lote.

Kwa asiyejua huku kwetu Mufindi, nieleze kidogo. Mvua zikianza, milanzi, ile mianzi yetu ya pombe, inachipua. Wagema wanapita asubuhi na jioni na visu vyao, wanakata ncha za machipukizi, na maji yake yanadondoka taratibu kwenye vyombo vilivyofungwa hapo chini. Hayo maji ndiyo ulanzi. Ukiunywa siku ileile ni mtamu, hata mtoto anapewa. Ukilala, unaanza kuuma. Ukilala tena, unaangusha watu. Msimu mzima wa mvua kijiji kinanuka ulanzi, na huwezi kwenda kisimani ukarudi bila kukaribishwa kikombe njiani.

Sosthenes alikuwa mgema hodari, na sisemi hivyo kumsifu. Mwanzoni alikuwa anauza mwingi na kunywa kidogo. Halafu mambo yakageuka. Wazee wa kanisa walimwonya, wakamwonya tena, mwisho wakamtenga, akawa hapokei tena Meza ya Bwana. Mambo mengi ya miaka ile sitayasimulia. Nitasema moja tu: binti yetu Ombeni ni mtu mzima sasa, anafanya kazi Mbeya, na mpaka leo akija likizo husimama kwanza mlangoni akasikiliza kabla hajaingia ndani. Nikimwona amesimama vile, moyo unaniuma kama siku ya kwanza.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, Sosthenes aliacha. Hakuna aliyemlazimisha. Aliamka asubuhi, akakaa kwenye kigoda nje, akaniambia, "Mama Ombeni, nimechoka." Nilidhani amechoka kazi. Kumbe alikuwa amechoka na yeye mwenyewe.

Jumapili ya kurudi kundini alikwenda mbele ya madhabahu na kisu chake cha kugemea na madumu yake mawili ya njano, yale ya kubebea ulanzi, yenye alama ya S aliyoichoma kwa msumari wa moto. Akayaweka chini, akapiga magoti. Nililia mpaka leso ikaloa. Na mimi silii ovyo.

Bahati mbaya, Mwinjilisti akaona somo.

Akalinyanyua dumu moja juu, watu wote wakalitazama. "Wapendwa! Dumu hili lilibeba nini?" Watu wakajibu, ulanzi. "Likioshwa litabeba nini?" Watu wakajibu, maji safi. "Basi ndugu yetu Sosthenes ndiye dumu hili! Ameoshwa, ni jipya, la zamani limepita!" Vigelegele vikapigwa. Madumu yakapelekwa stoo ya kanisa yakisubiri kupangiwa kazi, na mume wangu akatoka pale na jina. Kuanzia siku ile kijiji kizima kikamwita Dumu Jipya.

Mimi sikulipenda jina hilo. Nilimpenda mtu anayeitwa Sosthenes, nikaolewa naye, sikuolewa na chombo cha plastiki. Lakini yeye lilimsaidia. Mvua zilipoanza na harufu ikarudi kijijini, nilimsikia njiani akijisemea polepole, "Mimi dumu jipya, mimi dumu jipya," huku anatembea upesi kupita nyumba ya Jailos. Huyo Jailos ni Mkatoliki, rafiki yake wa tangu utoto, na ndiye anayeuza ulanzi mwingi kuliko wote upande wetu. Basi nikafunga mdomo. Kwangu mimi kufunga mdomo ni kazi kubwa kuliko palizi.

Na palizi ndiyo iliyotuletea mambo.

Huku kwetu shamba kubwa halipaliliwi na mtu na mkewe. Unaita mgowe. Unawatangazia watu siku, wanakuja na majembe, wanaimba, wanalima shamba lote mpaka mchana, na wewe unawanywesha. Kinywaji chenyewe ni ulanzi, hakuna anayeuliza. Mtu aliyeacha ulanzi anapata tabu: mgowe wa wengine anakwenda, wake hauitiki. Mwezi wa kwanza magugu yalikuwa yamefika magotini na mahindi yetu yalianza kuwa ya manjano. Sosthenes alikuwa anaamka gizani kwenda kupalilia, akirudi jioni shamba liko vilevile. Nilimwona akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Nikaogopa. Nilijua anawaza nini: zamani angeita watu, wangejaa.

Mwinjilisti alipojua akalipeleka jambo kwenye jumuiya. Tukakubaliana tufanye mgowe wa togwa, kinywaji kisicholevya. Watu wengine waliguna, wengine wakacheka, lakini wakasema watakuja. Mke wa Mwinjilisti, Bupe, akasimama akasema togwa atapika yeye.

Bupe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, ameletwa huku na ndoa, na sijaona mwanamke anayejituma kama yeye. Kwao ni ndizi na chai na mvua isiyokoma. Ulanzi alikuwa hajaujua ila kwa kuusikia. Alipika togwa Alhamisi, ya ulezi, yenye kimea cha kutosha, tamu mpaka nyuki walizunguka jiko. Ilipopoa akakosa vyombo. Akakumbuka kwamba stoo ya kanisa kuna madumu mawili yamekaa bure. Akayaosha kwa sabuni, kwa mchanga, kwa maji ya moto, akayaanika juani, akayaosha tena. Akamimina togwa ndani, akafunga vifuniko, akashukuru Mungu.

Mtu yeyote wa hapa angemwambia. Katika dumu la ulanzi huweki tena kitu kitamu, hata uoshe mpaka rangi itoke. Mpini wake una uwazi ndani, machicha yanaingia humo yanakauka, na hakuna brashi inayofika. Yanakaa kimya tu. Ukimimina kitu chenye utamu, yanaamka. Lakini Bupe hakuuliza, na hakuna aliyejua ametumia chombo gani.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Kila anayefika, "Kamwene, Mama Ombeni," nami najibu, "Kamwene," huku nahesabu majembe kwa macho na moyo unafurahi. Hata Jailos alikuja, jembe begani.

"Nasikia leo tunalimishwa kwa uji," akaniambia.

"Rudi nyumbani kama hutaki."

"Nimeshakuja. Shamba la Sosthenes nimelilima tangu hajakuoa."

Bupe alileta madumu yake kwenye toroli, amefunika na magunia yaliyoloweshwa maji ili togwa isipate joto, akayaweka chini ya mparachichi kandokando ya shamba. Sikuyafunua. Nilikuwa na sufuria la maharage la kuangalia.

Walilima vizuri. Mwinjilisti alianzisha pambio, wanawake tukajibu, majembe yakawa yanakwenda pamoja. Sosthenes alikuwa mbele kabisa, mgongo umeinama, na kila akiinuka kufuta jasho niliona uso wake. Alikuwa anatabasamu peke yake. Shamba lake lilikuwa linalimwa na watu, na hakukuwa na tone la ulanzi. Nilisema moyoni, Bwana, asante, na sikuongeza neno.

Jua lilipopanda tukawaita watu wapumzike. Wakakaa kwenye majani. Sasa, kwetu kuna desturi: mwenye shamba ndiye anayeonja kwanza, mbele ya watu wote, ili kila mmoja aone kwamba kinywaji hakina kitu kibaya. Asipoonja, hakuna atakayegusa, na watu wataondoka na maneno.

Bupe akatoa magunia. Madumu yalikuwa yamevimba matumbo. Mimi nikadhani ni jua. Akafungua kifuniko, kikatoa pumzi ndefu, povu likapanda mpaka shingoni. Bupe akafurahi. "Mwe! Imekubali!" akasema, akajaza kikombe cha bati, akakipeleka kwa mikono miwili kwa mume wangu, akapiga goti kidogo kama walivyomfundisha kwao.

Sosthenes akakipokea. Akakiinua. Kikafika mdomoni, kikasimama.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu, na upepo ulikuwa unakuja upande wangu. Harufu ile nilikuwa nimelala nayo kitanda kimoja miaka yote ya ndoa yangu. Niliijua kabla sijafikiri.

Watu walikuwa wanangoja. Hakuna aliyeelewa bado, ila Jailos, ambaye pua yake ni ya kazi. Nilimwona akiinua kichwa. Bupe alikuwa bado anatabasamu. Mwinjilisti alikuwa ameshafungua mkono mmoja, tayari kusema neno kuhusu kinywaji cha watakatifu. Na mume wangu ameshika kikombe midomoni, macho ameyafumba, na koo lake lilipanda likashuka, likapanda likashuka, na hakuwa amemeza kitu.

Nilitaka kupiga kelele. Ulimi wangu wote huo ninaosifiwa, haukutoa hata silabi. Nilijua akinywa kile kikombe hakuna atakayemlaumu. Amepewa na mke wa Mwinjilisti, kwa mikono miwili, mchana kweupe, kwenye mgowe wa kanisa. Angekunywa na kusema ni tamu. Na kesho angepata kisingizio cha kikombe kingine.

Akakishusha. Akakiweka chini kwenye majani, taratibu, kisimwagike.

"Mama Mwinjilisti," akasema kwa sauti ndogo, "hii imechacha."

"Haiwezekani," akasema Mwinjilisti. "Mke wangu amepika juzi tu."

Jailos alinyoosha mkono, akakichukua kikombe, akaonja kwa ncha ya ulimi. Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Mwinjilisti, hii sasa haiitwi togwa. Hii ningeiuza mimi."

"Lakini hii dumu nimeiosha!" Bupe akasema. "Nimeiosha na mchanga! Nimeiosha na maji ya moto mpaka mikono ikababuka, tazameni!"

Hapo ndipo Sosthenes alipotazama dumu lenyewe, akaiona ile S. Nasi sote tukaiona.

Kila mtu alikumbuka Jumapili ile na vigelegele vyake. Na kwa kuwa kila kijiji kina mtu ambaye hawezi kuliacha neno likapita, Mama Saulo akasema, tena kwa huruma kabisa, "Kumbe dumu hata uoshe vipi, ni lilelile."

Hakumaanisha ubaya. Lakini nilimwona mume wangu akilipokea neno lile kama mtu aliyepigwa na mpini. Alisimama, akachukua jembe lake, akateremka peke yake kuelekea mwisho wa shamba, kule bondeni, ambako yamesimama milanzi yake ya zamani ambayo sasa wanagema wengine.

Bupe alikuwa analia amejifunika uso na kitenge. Nikamgeukia Mwinjilisti. Nilikuwa na hasira, sifichi. Nilitaka nimwambie, haya, tupe somo. Alikuwa amesimama mikono imemlegea, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu hakuwa na kitu cha kusema. Nikamwonea huruma. Nikanyamaza.

"Mimi naona tuendelee," akasema Jailos, akitema mate kwenye viganja. "Kumebaki upande wa chini."

"Hakuna cha kunywa," mtu mmoja akasema.

"Kuna maji. Wewe ukiwa kwako hunywi maji?"

Wakainuka. Wakachukua majembe na kurudi shambani bila kinywaji chochote, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye mgowe wowote. Mimi nikamwacha Bupe na sufuria la maharage, nikamwambia afute machozi akoroge yasiungue, nikamfuata mume wangu.

Nilimkuta anapalilia mstari wa mwisho kwa nguvu mno, anang'oa magugu pamoja na mahindi. Sikumzuia. Nilikaa kwenye tuta.

"Limeoshwa na mchanga," akasema bila kunitazama. "Na maji ya moto. Limekaa kavu tangu kiangazi. Na bado."

"Nimeona."

"Basi mimi je? Mimi nimeoshwa na nini cha zaidi?"

Nilikuwa naogopa kusema vibaya, na nilimkasirikia Mwinjilisti kwa mfano wake, na nilimkasirikia Mama Saulo, na nilikuwa nampenda huyu mwanaume mwenye jasho na matope kuliko siku ile aliponioa.

"Ile harufu," akaendelea, na sauti ikamkatika, "Mama Ombeni, nisikudanganye. Niliipenda. Nilipoisikia nilifurahi. Kama mtu aliyepotelewa na ndugu akamwona."

"Najua. Nilikuwa naangalia koo lako."

Akaacha kulima. Akashika mpini wa jembe kwa mikono yote miwili.

"Sasa nisikilize," nikasema, na nilisikia sauti yangu inapanda kama ninavyogombeza nguruwe. "Bupe alilimiminia dumu, likapokea. Akimiminia maji, linapokea. Akimiminia mafuta ya taa, linapokea. Umewahi kuona dumu likakataa? Wewe umepewa kikombe mbele ya kijiji kizima, umekipenda, koo linataka, na umekiweka chini. Nani kasema wewe dumu? Nimechoka na hili dumu! Mungu hakuifia plastiki!"

Alinitazama. Halafu akaanza kucheka, na machozi yanamtoka hapohapo, na mimi nikacheka, na nikalia pia, maana nilikuwa nimeogopa sana. Tulikaa pale kwenye tuta kama watu wasio na akili.

"Na kesho?" akaniuliza alipotulia.

"Kesho wakikupa utaweka chini tena."

"Na keshokutwa?"

"Usinimalizie maneno. Keshokutwa tutaomba ya keshokutwa."

Watu walimaliza shamba kabla ya alasiri. Walikula maharage na ugali, wakanywa maji. Desturi inataka mwenye mgowe aseme neno la shukrani. Mume wangu husema "asanteni" na kukaa. Siku ile alisimama akabaki amesimama, mpaka watu wakaacha kutafuna.

"Asanteni," akasema. "Nina neno jingine. Mlikuwa mnaniita Dumu Jipya. Nililipenda hilo jina, mimi mwenyewe nilikuwa nalitumia. Lakini muache. Mimi siyo dumu. Nilidhani nimeoshwa mpaka sisikii tena harufu. Naisikia. Leo nimeisikia na nimeitamani. Sasa nawaomba kitu. Mkiniona nimesimama mahali nisipotakiwa kusimama, msinong'one. Niiteni. Kwa jina langu, Sosthenes, kama nilivyobatizwa. Nikisikia nitatembea."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Wanaume walitazama chini, wengi wao wakiwa na sababu zao. Mama Saulo alikwenda kumshika mkono. Bupe alimwomba radhi Sosthenes, naye akamwambia, "Mama, wewe ndiye uliyenisaidia kupika. Nikushukuru vipi?" Madumu mume wangu akayabeba mwenyewe nyumbani. Moja alilipasua katikati kwa msumeno likawa kihori cha nguruwe wangu, na lingine nalo likapasuliwa Jumatatu yake.

Ningeweza kuishia hapo, na Mwinjilisti angeishia hapo. Lakini lililonifanya nisimulie ni la baadaye.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua imeshika kweli, milanzi inatoa kupita kiasi. Ombeni alikuwa ametupigia simu kutoka Mbeya, wamegombana na baba yake kwa jambo la zamani, na alikuwa na haki ya kugombana. Sosthenes alisikiliza yote, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo." Akakata simu, akavaa koti, akasema anakwenda dukani kununua chumvi. Chumvi tulikuwa nayo. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Nilisimama na mwiko mkononi nikamtazama akitoka uani, na sikuweza kumwita. Si kwamba nilisahau aliloliomba; nilikuwa na aibu, na nilikuwa na huzuni. Nikakaa jikoni nikisonga ugali ambao ulishaiva, nikiomba kwa maneno yasiyo na mpangilio.

Giza lilikuwa halijaingia bado niliposikia hodi. Nikafungua. Sosthenes alikuwa amesimama amelowa mpaka viatu vinatoa maji, na nyuma yake Jailos, hana koti, hana kofia, shati limemgandama mwilini, amemshika mwenzake begani kama mtu anayeongoza ng'ombe.

Nikamnusa mume wangu. Sikuona haya. Ananuka mvua tu.

"Alisimama nje kwangu," akasema Jailos, "kwenye mvua, haingii wala haondoki. Ndani nina watu wamejaa. Nikamwita Sosthenes. Hakutembea. Nikatoka nje, nikamwita tena Sosthenes. Hakutembea. Nikaona huyu leo jina peke yake halimtoshi. Ndio nimemleta."

"Umeacha biashara yako?"

"Wanajimiminia wenyewe. Wataniibia." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Yeye alisema tumwite. Hakusema wa kanisa lenu tu."

Nikamkaribisha kwenye moto. Akakataa, akasema hao watu watamaliza kila kitu. Akateremka njia ileile kwenye mvua, akikimbia kidogo kwa miguu yake mibovu, akirudi kwenye ulanzi wake. Sosthenes akakaa karibu na jiko. Nilimpa chai, akakishika kikombe kwa mikono miwili muda mrefu. Halafu akaomba simu, akampigia Ombeni. Sikusikiliza. Nilisikia tu akisema, "Hapana, sijanywa. Nilitaka, lakini sijanywa," na baadaye nikasikia sauti ya binti yangu inalia kwa mbali ndani ya kile kisimu.

Jumapili nilimweleza Mwinjilisti habari yote nje ya kanisa, pamoja na Jailos na shati lake lililolowa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikaona mdomo wake unafunguka na ule mwanga ninaoufahamu unaingia machoni, nikajiandaa. Akaufunga.

"Jailos anakula nini?" akaniuliza.

"Anakula kila kitu. Kwa nini?"

"Nina jogoo," akasema. "Nataka nimpelekee."

Tukaenda wote wawili, mimi nimebeba jogoo, yeye anasukuma pikipiki kwa sababu tope lilikuwa jingi. Njia nzima hakusema somo hata moja.

Ombeni alikuja Pasaka. Alishuka Nyololo, akatembea na begi lake kichwani, akafika mlangoni akasimama, akasikiliza. Uani baba yake alikuwa anawaita nguruwe, anagonga kile kihori cha njano kwa kijiti. Ombeni akasimama bado kidogo. Halafu akaita, "Hodi," akaingia.